Diorama ya kwanza: kifaru chako lazima kionekane kizito

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Una boksi la modeli ya T-34/85, kifaru cha Kisovyeti, la skeli ya 1:35 (kila kitu kidogo mara 35 kuliko halisi) na seti moja ya askari wa miguu wa Kisovyeti. Hujawahi kuunganisha chochote zaidi ya ndege mbili ndogo, na sasa unataka diorama, yaani tukio zima la modeli juu ya ubao, ya mtaa wa Stalingrad: jengo la ghorofa mbili lililobomoka, vifaru viwili na askari kumi na watano, vyote juu ya ubao wa sentimita 60 kwa 40. Unauliza uanzie wapi. Wadau waliotangulia wamekuambia "anza tu, utajifunzia humo humo". Mimi nakuomba usianze kwanza. Huo ubao wako naujua, niliwahi kuwa nao.

Wangu ulikuwa wa 70 kwa 50, na kuujaza kulinichukua mwaka na nusu: vifaru viwili, lori, ukuta wa matofali, askari kumi na tisa na mti mmoja. Nilipomaliza, rafiki yangu asiyejua lolote kuhusu modeli aliutazama kimya, kisha akasema, "Mbona kama vimewekwa tu?" Nilinuna siku nzima, lakini alikuwa amegusa penyewe. Kila kitu kilikuwa kimekaa juu ya ardhi kama vyombo juu ya meza. T-34/85 halisi ina takriban tani 32, ile yetu ya plastiki unaibeba kwa vidole viwili kama simu. Ukiondoa mapambo, kazi nzima ya diorama ya kivita ni kumdanganya macho mtazamaji aone zile tani. Kwa hiyo karibu kila nitakachokwambia hapa chini kinarudi kwenye uzito.

Tumalizane kwanza na Stalingrad, maana usiposikia kwangu utasikia kwa mtu mwenye ulimi mkali zaidi. Vita vile vilianza kiangazi cha 1942 na Wajerumani wa mwisho wakasalimu amri tarehe 2 Februari 1943. T-34/85 iliingia vitani 1944. Iliyopigana Stalingrad ni T-34 ya mzinga wa milimita 76, yenye kichwa (sehemu ya juu inayozunguka na mzinga) kidogo na watu wanne ndani badala ya watano. Angalia na mabega ya askari wako pia. Jeshi Jekundu lilirudisha vyeo vya mabegani Januari 1943, hivyo kama askari wa boksi lako wanavyo, hawawezi kuwa mtaani Stalingrad mwaka 1942. Sikucheki. Mimi nilipaka Panzer IV yangu, kifaru cha Kijerumani, rangi ya njano iliyokolea nikaiweka kwenye theluji ya nje ya Moscow, Desemba 1941. Wajerumani waliifanya njano kuwa rangi ya msingi ya vifaru vyao Februari 1943, na kabla ya hapo vilikuwa vya kijivu. Kifaru changu kilifika Moscow mwaka mmoja na ushee kabla ya rangi yake.

Ila huna haja ya kununua boksi lingine, badilisha mwaka tu. Machi 1944, Ukraine. Warusi wana neno, rasputitsa, la majira ya tope: mara moja theluji inapoyeyuka, mara nyingine mvua za vuli zinapoanza. Barabara za udongo zinageuka uji na kila kitu chenye magurudumu kinakwama. Vifaru vingi vya Kisovyeti vilibeba gogo ubavuni au nyuma, la kufungwa kwenye minyororo (mikanda ya chuma ambayo kifaru hutembelea) au kusukumiwa chini yake ili kifaru kijitoe. Hapo tayari una kisa. Kifaru kimoja kimezama upande wa kushoto, mtu mmoja anahangaika na kamba za gogo, dereva amechomoza kichwa kwenye tundu lake la mbele, na wa tatu amesimama pembeni, mikono kiunoni, ana maoni mengi na msaada hana. Kila kikosi kina mtu huyo. Ni watu watatu tu, hakuna jengo hata moja, na kifaru cha pili umekiokoa kwa ajili ya kazi yako ijayo.

Ninaposema kisa simaanishi hadithi ndefu. Namaanisha dakika moja. Kuna afisa wa Uingereza, William Siborne, aliyetengeneza modeli kubwa ya uwanja wa vita vya Waterloo ikaonyeshwa London mwaka 1838. Alikaa miezi kadhaa kwenye shamba la La Haye Sainte akipima ardhi, kisha akawaandikia maafisa walionusurika akiwauliza walikuwa wapi na waliona nini mnamo saa moja jioni. Hakuwauliza vita vilikwendaje, aliwauliza kuhusu saa moja jioni. Maelfu kwa maelfu ya askari wadogo wa bati, na wote wamegandishwa kwenye saa ile moja. (Baadaye aliingia mgogoro na wakubwa kuhusu mahali walipokuwa Waprussia, washirika wa Waingereza, saa hiyo, ikabidi wengi wao awaondoe kwenye modeli. Hobi yetu ilikuwa na wakosoaji kabla ya plastiki kugunduliwa.) Wewe pia chagua dakika yako. Gogo liko bado kifaruni, linafunguliwa, au limeshaingia chini ya mnyororo? Kila jibu linabadilisha mahali pa kila mtu, na linabadilisha hata umbo la tope.

Sasa ubao. Bodi ya T-34 ina urefu wa mita 6 na kidogo, hivyo kwenye 1:35 inakuja sentimita 17 na nusu hivi, upana karibu 9. Ukijumlisha mzinga unaotokeza mbele, unapata sentimita 23. Ubao wa 25 kwa 20 unatosha kabisa. Mzinga ukipita ukingo wa ubao hewani, uache upite, unapendeza. Watu huogopa ubao mdogo wakidhani utaonekana maskini. Maskini ni ule ubao mkubwa wenye viwanja vitupu katikati, kwa sababu kila sentimita tupu utalazimika kuitafutia kazi, na utaishia kumwaga matofali. Kata kadibodi ya ukubwa huo, tengeneza kisanduku cha 17 kwa 9, na vijiti vya sentimita 5, ambavyo ndivyo urefu wa mtu kwenye skeli yako. Kisanduku usikilaze sambamba na ukingo, kigeuze mshazari. Inua kona moja kwa kipande cha kadibodi. Sogeza vijiti. Utazame mpangilio huo kwa siku tatu ukipita pita, ukiwa umekaa na ukiwa umesimama. Hatua hii haigharimu kitu na ndiyo niliyoiruka.

Kwenye kuunganisha kifaru chenyewe sitakaa sana, karatasi ya maelekezo inatosha: kata vipande kwa koleo kali, piga msasa alama za kukatia, tumia gundi nyepesi ya plastiki inayojivuta yenyewe kwenye ufa. Sehemu moja tu nakusihi usiiharakishe, nayo ni minyororo. T-34 ina magurudumu matano makubwa kila upande na haina vigurudumu vidogo vya kushikilia mnyororo kwa juu. Kwa hiyo mnyororo wa juu hulala wenyewe mgongoni mwa magurudumu, ukibonyea kati ya gurudumu na gurudumu kwa uzito wa chuma. Kama boksi lako lina minyororo ya mpira, ukiifunga tu itakaa imenyooka hewani kama mkanda wa redio, na kifaru chako kimekwisha hapo hapo. Mtazamaji hatajua kwa nini hakiamini, lakini hatakiamini. Dawa yake ni hii: tone la supaglu juu ya kila gurudumu, kisha shindilia vipande vya sponji kati ya mnyororo na bati la juu yake, acha usiku kucha. Ukitoa sponji asubuhi utaona kitu kimeingia kwenye kile kifaru. Mimi nilicheka peke yangu.

Ardhi ndiyo sehemu ninayoipenda, nivumilie hapa.

Chini weka bamba la povu gumu, lile lililoshindiliwa lenye punje zisizoonekana, si lile jeupe la kufungashia redio linalotoa vijipunje kila ukiligusa. Libandike kwa gundi nyeupe ya mbao na ulipe muda, kwa sababu gundi hiyo hukauka polepole ikikosa hewa kati ya vitu viwili. Ubao wenyewe uupake vanishi kwanza pande zote, juu na chini, la sivyo maji ya mchanganyiko utakaofuata yataupinda. Halafu, tafadhali, povu usilipulizie rangi ya kopo likiwa wazi. Nilipuliza praima (rangi ya kwanza ya chini) juu ya kilima changu cha kwanza nikaenda kunawa mikono, niliporudi kilima kimekuwa bonde. Viyeyusho vya rangi ya kopo vinakula povu. Lifunike kwanza kwa gundi nyeupe au rangi ya maji.

Tope lenyewe: puti ya ukuta, gundi nyeupe, rangi ya maji ya kahawia, na udongo uliochekechwa kwa soksi ya nailoni. Rangi iingie ndani ya mchanganyiko, usingoje kupaka juu. Tope likipasuka au kubanduka baadaye, ndani patakuwa kahawia badala ya kukutolea jino jeupe. Udongo uchome kwanza kwenye oveni au kikaango cha zamani. Mimi nilichukua wa nje mbichi pamoja na vikonyo vya majani, na baada ya majuma matatu diorama yangu ilikuwa na ukungu halisi na mdudu mmoja aliyelingana na mbwa kwenye skeli ya 1:35. Skeli uiheshimu pia kwenye kokoto. Kokoto ya sentimita moja ni jiwe la sentimita 35, jiwe ambalo dereva angelizunguka. Ndiyo maana ya soksi.

Paka tabaka lisilozidi nusu sentimita kwa mara moja, vinginevyo litapasuka likikauka. Litakalopokea kifaru liache lishike kidogo. Kipimo changu ni njiti ya kiberiti: ikichomeka ikaacha tundu safi bila kutoka na tope, wakati umefika. Funga tumbo la kifaru kwa karatasi nyembamba ya plastiki, kiweke pale pale ulipopanga kwenye kadibodi, na ukandamize. Upande wa kushoto kandamiza zaidi, nyuma zaidi kuliko mbele. Kitikise kidogo sana, kisha kitoe.

Tazama shimo uliloacha. Tope halipotei likikanyagwa, linahama. Kitu cha tani 32 kikizama sentimita 40, tope la sentimita 40 lazima liende mahali, nalo huenda pembeni, likasimama kama mdomo kando ya mnyororo. Chukua kijiko cha kuchongea au kijiti na uuinue huo mdomo kabla haujakauka, ukubwa wake usilingane kila mahali. Diorama nyingi za wanaoanza zina alama za minyororo safi kama zimepigwa muhuri, bila mdomo hata mmoja, na ndiyo maana vifaru vyao huonekana vimeshushwa kwa kamba kutoka juu. Nyuma ya kifaru endeleza alama hizo kwa kipande cha mnyororo wa ziada. Mnyororo wa T-34 ulikuwa na upana wa nusu mita hivi, kwako ni milimita 14, usiubahatishe kwa jicho. Na alama ziwe nyuma tu! Nimeshaona, na si mara moja, kifaru kinachosonga mbele kuelekea kwenye alama zake chenyewe.

Maji ya dimbwi unaweza kuyafanya kwa vanishi ya kung'aa, tabaka juu ya tabaka, au kwa rezini angavu, kimiminika cha kuchanganya sehemu mbili kinachoganda kama kioo. Ukitumia rezini, kwanza hakikisha shimo limezibwa kabisa kwa gundi. Yangu ilipenya ufa usioonekana ikashuka chini usiku, na ubao ukaamka umegandamana na meza. Imimine kwa milimita mbili tatu kila awamu, kwa sababu hutoa joto inapoganda na nyingi ikikaa pamoja huchemka na kujaa mapovu. Itie tone la rangi ya kahawia. Maji ya barabara iliyopitiwa na jeshi huoni chini yake.

Rangi ya kifaru: kijani cha Kisovyeti, iwe nyepesi kidogo kuliko unavyodhani, kwa kuwa kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kikubwa chenye rangi ile ile. Kabla ya stika za maji (alama zinazolowekwa ndipo zibandikwe) paka vanishi ya kung'aa, zikishakauka paka isiyong'aa. Kisha rangi ya mafuta ya kahawia iliyoyeyushwa sana kwenye tina (kiyeyusho cha rangi) nyepesi, iguse tu kwenye mistari ya mabati na kuzunguka vichwa vya skrubu, ikimbie yenyewe. Brashi kavu yenye rangi nyepesi kwenye kingo. Hapo simama. Najua kishawishi cha kutu. Kila anayeanza anapaka kutu kama meli iliyozama, wakati T-34 nyingi hazikuishi vitani muda wa kutosha kuota kutu ya namna hiyo. Weka kutu kwenye mabomba ya moshi na minyororo, basi. Uchovu wa kifaru chako uutoe kwenye tope: lile lile la kwenye ubao, kutoka kopo lile lile, bichi na jeusi chini kwenye magurudumu, kavu na jepesi juu ya mabati. Tope la kifaru likiwa na rangi tofauti na la barabara, umesema bila kukusudia kwamba kimetoka kwingine dakika hii.

Askari. Hapa ndipo rafiki yangu alipoona "vimewekwa tu" kuliko kwingine. Askari wa boksi huja na kibati cha kusimamia chini ya viatu, kitupe. Toboa unyayo kwa sindano ya moto au kichimbio kidogo, ingiza waya mwembamba kwa supaglu, na umchomeke kwenye ardhi huku viatu vikizama kweli. Kwenye tope la Machi buti inaingia hadi kifundoni. Usiogope kukata kiatu nusu, hakuna atakayekifukua.

Kisha waangalie wanavyobeba. Mtu mwenye ndoo nzito mkono wa kulia hapindii kulia, mwili wake unaegemea kushoto na bega la kulia linashuka. Anayevuta kamba ya gogo hasimami wima. Mikono ya boksi ikikataa, ikate kwenye bega na kiwiko, igeuze, ziba mwanya kwa puti. Shingo nayo ni sehemu nzuri ya kukata: ukigeuza vichwa vitatu vikatazama kitu kimoja, umewaunganisha watu waliotoka kwenye maboksi matatu tofauti. Wako watazame mnyororo wa kushoto. Hata yule wa mikono kiunoni.

Uso wa skeli hii ni mdogo kuliko punje nyingi za mahindi, kichwa kizima hakifiki milimita saba. Usipake weupe wa macho. Nilipaka, nikapata kikosi cha watu walioona jini. Mstari mmoja wa kahawia chini ya nyusi unatosha, kivuli chini ya pua na mdomo wa chini, rangi nyepesi kidogo kwenye mashavu na pua. Ukitazama kutoka umbali wa urefu wa mkono, mtu yupo.

Kuhusu afya, nitasema mara moja. Msasa wa rezini upige ukiwa na maji na barakoa usoni, vumbi lake si la kuvuta. Tina na supaglu, dirisha wazi. Kisu, kata ukielekeza mbali na kidole. Nina kovu la kukuonyesha.

Kwa mpangilio wa kazi ningekwenda hivi: kadibodi, kifaru hadi kabla ya minyororo, rangi, minyororo na sponji, ardhi, kukandamiza, tope la kifaru na la ubao siku moja, maji, watu mwisho. Watu uwapake wakati tope linakauka, maana litakulazimisha kusubiri hata hivyo. Gogo usinunue, kijiti kikavu cha mti halisi chenye gamba laini kinashinda plastiki yoyote. Chagua chenye unene wa milimita nane hivi, gogo la sentimita 28.

Ukimaliza kukata kadibodi, piga picha mbili, moja kutoka juu na moja ukiwa umeinama usawa wa meza, uziweke hapa kabla hujafungua gundi. Hiyo ya usawa wa meza ndiyo ninayoitaka zaidi.